Moyo Ukienda Mbio, Usingoje Utulie

Je, umewahi kukaa tu, hukimbii wala hujabeba kuni, mara moyo ukaanza kudunda kama unataka kutoka kifuani? Jirani atakuambia ni mawazo ya vita. Mwingine atasema umerogwa. Ni kweli kwamba hofu, homa na upungufu wa damu huharakisha moyo. Lakini upo pia ugonjwa wa mapigo yenyewe.

Moyo huongozwa na umeme mdogo unaotoka ndani yake. Mtu mzima akipumzika, moyo hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika. Umeme huo ukizunguka katika njia isiyo yake, mapigo huruka ghafla hadi 150, hata 200, kisha hukoma ghafla.

Aina nyingine ni mapigo yasiyo na mpangilio. Hapo damu huweza kuganda ndani ya moyo, na donge likienda kwenye ubongo huleta kiharusi.

Ugonjwa huu hutambuliwa kwa mashine ya ECG, inayochora mapigo kwenye karatasi. Mama mmoja wa mtaani kwetu alikuwa akingoja moyo utulie ndipo aje kupimwa. Kila mara alikutwa mzima, akarudi nyumbani akiambiwa ana mawazo. Siku alipokuja moyo ukiwa bado unakwenda mbio, ugonjwa ulionekana.

Kwa hiyo fanya hivi:

1. Weka vidole viwili kwenye mshipa wa kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba. Hesabu mapigo kwa dakika nzima.
2. Andika idadi, saa yalipoanza, na kama yanakwenda sawasawa au yanarukaruka.
3. Njoo kituoni mara moja, moyo ukiwa bado unakwenda mbio. Usitembee peke yako.
4. Ukizimia, ukibanwa na kifua au ukikosa pumzi, ndugu zako wakulete haraka, hata usiku.

Matibabu yapo. Kwa mapigo ya ghafla yaliyo sawasawa, mganga anaweza kukuambia upulize kwa nguvu ndani ya bomba la sindano kwa sekunde 15, kisha akulaze na kukuinua miguu. Utafiti uliotolewa Uingereza mwaka 2015 ulionyesha kwamba njia hiyo ilituliza moyo kwa wagonjwa 4 hivi kati ya 10. Isipofaa, ipo sindano ya adenosini, na kwa mgonjwa mahututi, mashine ya umeme. Mwenye mapigo yasiyo na mpangilio huweza kupewa dawa ya kuzuia damu kuganda. Usiiache bila kuambiwa, wala usimpe jirani.

Mwisho, wazazi, msidharau vidonda vya koo vya watoto. Visipotibiwa huweza kuleta homa inayoharibu moyo, na mapigo mabaya yakafuata ukubwani. Kinga ni bora kuliko tiba.