Dhahabu ya Migori na Mikono Iitoayo

Bibi harusi wa pwani akivishwa kidani, twamsifu sonara aliyekifua; ni nadra kumkumbuka aliyeichimba dhahabu yenyewe. Huko Nyatike, wilayani Nyanza Kusini ya zamani, ambayo leo ni kaunti za Migori na Homa Bay, mgodi wa Macalder ulitoa dhahabu na shaba hadi ulipofungwa mwaka 1966. Wenyeji wakaendelea kuchimba kwa sururu na karai.

Siku hizi mashine za kusaga mawe zimepunguza kazi ya nyundo. Walakini wanawake wengi bado huchanganya unga wa mawe na zebaki kwa mikono mitupu, kisha huichoma ibaki dhahabu. Mvuke wake hudhuru ubongo na figo, hata mtoto aliye tumboni. Na masalia yakioshwa na mvua huelekea Ziwa Victoria, wanakovua watu wa Homa Bay.

Chombo cha kuunasa mvuke huo kipo, na zebaki ikanaswa hutumika tena. Sheria ya Madini ya 2016 nayo iliwatambua wachimbaji wadogo, ikaitengea jamii asilimia 10 ya mrabaha. Lililobaki ni kuvifikisha vyote viwili kwa mama aliye kandoni mwa shimo. Usione vyaelea, vimeundwa.