Piano Hununuliwa kwa Mguu Pia

Makanisa ya Masasi na Newala, kusini mwa Tanzania, yana historia ndefu ya kuimba. Waanglikana wa misheni ya UMCA, chini ya Askofu Edward Steere, walifika Masasi mwaka 1876. Wabenediktini wakafungua misheni ya Ndanda mwaka 1906. Siku hizi kwaya nyingi za Tanzania huongozwa na kinanda cha umeme chenye vibonyezo 61, midundo ya ngoma na mamia ya sauti, kuanzia filimbi hadi gitaa.

Kwa ibada kinatosha. Shida huanza pale mpiga kinanda anapotamani Chopin au Debussy. Vibonyezo vinamwishia, maana piano kamili ina 88, na mguu wake wa kulia unakosa kazi, au unahangaika na kipande cha plastiki kinachoteleza sakafuni kila kikikanyagwa.

Mguu huo ndio unaosahaulika dukani wakati wa kununua piano. Katika piano ya nyuzi, pedali ya kulia huinua vizimio vyote vya sufi ili nyuzi ziendelee kulia hata vidole vikiachia. Ya kushoto hupunguza sauti na kuilainisha. Ya kati, katika piano kubwa, hushikilia noti zilizokwisha kubonyezwa tu, na wanaoanza hawaihitaji sana. Lakini mpigaji mzoefu hakanyagi hadi chini kila mara: hushusha nusu, hata robo, ili kodi mbili, yaani makundi mawili ya noti, zisichafuane. Bila ujuzi huo Debussy hugeuka kelele.

Hapo ndipo pedali za piano za kidijiti zinapotofautiana. Nyingine ni swichi tu, kama ya taa: inawaka au inazima. Nyingine husoma kila hatua ya unyayo. Piano ya kidijiti ya Roland FP-30X, kwa mfano, huuzwa pamoja na pedali ya DP-2, ambayo ni swichi; anayetaka nusu mkanyago hununua DP-10. Yamaha P-125 nayo ilikuwa ikija na swichi, ila inapokea FC3A, au LP-1 yenye pedali tatu. Kuchanganya kampuni ni kujitafutia balaa, kwani pedali ya kampuni moja ikichomekwa kwenye piano ya nyingine huweza kufanya kazi kinyume: ukikanyaga sauti inakatika, ukiachia inaendelea.

Kwa nini isiwe piano ya nyuzi? Mbao zake husumbuliwa na masika na kiangazi, na inataka fundi wa kuituni angalau mara moja kwa mwaka. Ya kidijiti haituniwi.

Kwa familia nyingi za Masasi na Newala, manunuzi makubwa husubiri fedha za korosho, baada ya minada ya vyama vya ushirika vya TANECU na MAMCU. Atakayetenga sehemu ya fedha hizo asihesabu sauti. Achukue vibonyezo 88 vyenye uzito na pedali moja inayosoma nusu mkanyago, aijaribu kwa mguu wake kabla ya kulipa. Pedali tatu zinaweza kusubiri msimu ujao.