Duka la Picha la Baba na Wanawe

Maduka mengi ya picha huchukua kazi ya mchoraji mali kauli. Ikiuzwa, analipwa, isipouzwa, anarudishiwa na vumbi lake. Kwa hivyo hasara yote ni ya mchoraji. Paul Durand-Ruel wa Paris aliigeuza biashara hiyo: alinunua yeye kwanza, tena picha ambazo watu walikuwa wakizicheka.

Wazazi wake walikuwa na duka la karatasi na vifaa vya kuchorea. Wachoraji waliokosa pesa wakichukua rangi na kulipa kwa picha, mpaka picha zikawa ndizo biashara yenyewe. Hata jina ni la ndoa: baba alikuwa Durand, mama ni wa ukoo wa Ruel. Baba alipofariki mwaka 1865, Paul akashika duka.

Vita vya Ufaransa na Prussia vilipozuka mwaka 1870, alikimbilia London na picha zake. Huko ndiko alikokutana na wachoraji wawili waliokuwa wamekimbia vilevile, Claude Monet na Camille Pissarro. Akaanza kununua kazi zao. Mwaka 1871 mkewe akafariki, akamwachia watoto watano. Muda mfupi baadaye, Januari 1872, Paul akanunua picha 23 za Édouard Manet kwa faranga 35,000. Mjane mwenye watoto watano! Sijui jamaa zake walimwambia nini.

Mwaka 1876 wachoraji hao walifanya maonyesho dukani kwake, na magazeti yakawararua. Hata hivyo aliendelea kuwapa pesa za matumizi, akawalipia kodi na madeni. Kisha mwaka 1882 benki ya Union Générale ikaanguka. Mkubwa wa benki hiyo ndiye aliyekuwa amemkopesha, na sasa deni likadaiwa. Stoo imejaa Monet na Renoir, na mnunuzi hakuna.

Tusimfanye walii, maana alikuwa mfanyabiashara wa kweli. Alipenda kununua karibu kila kitu cha mchoraji ili bei iwe mkononi mwake, na kwenye mnada alipandisha bei za wachoraji wake mwenyewe. Monet alifika mahali akachoka, akaanza kuuza pia kwa mshindani wake, Georges Petit.

Nusura yake ilitoka ng'ambo. Mwaka 1886 alipeleka New York picha karibu 300. Wamarekani hawakuzicheka, waliziangalia kwa makini, na baadhi yao wakanunua. Mwaka uliofuata akafungua duka huko, na wanawe Joseph, Charles na George wakaingia kazini. Nyumbani kwake Paris alifungua milango kwa wageni wakaone picha sebuleni, ambako hata milango yenyewe ilichorwa na Monet. Mnunuzi aliona jinsi picha hizo zinavyokaa na watu wanaokula na kulea watoto. Hilo mimi naliona werevu kuliko tangazo lolote.

London ilikuwa ngumu zaidi. Mwaka 1905 alionyesha huko picha 315, na zilizouzwa zilikuwa chache mno.

Paul alifariki mwaka 1922. Duka la New York lilifungwa mwaka 1950, la Paris mwaka 1974. Daftari za mauzo ukoo uliziweka, na hadi leo picha ya Monet au Renoir ikitiliwa shaka, huko ndiko wataalamu wanakokwenda kutafuta ilinunuliwa lini na kwa nani.