Vita vya mbali, mzigo wa hapa: Katanga ilivyolipa gharama za 1940–1945

Ndugu wasomaji, wazee na viongozi wa mitaa, mama na baba wa familia mliohama makwenu,

Mahali popote watu wanapokusanyika baada ya vita, iwe Hewa Bora au mtaa mwingine wa Lubumbashi, maswali mawili hurudi kila siku. Nani abebe mzigo? Na nani aamue? Tunayasikia penye orodha ya msaada, penye zamu ya maji, penye mchango wa msiba. Wengi hufikiri kwamba ugomvi huanza na kabila. Mara nyingi huanza na mzigo ambao haukugawanywa kwa haki, na kabila huingizwa baadaye. Katika makala hii tunataka kueleza jinsi jambo hilo lilivyotokea katika mji huu huu, wakati ulipoitwa Elisabethville.

Mfano kutoka Amerika

Tuanze mbali kidogo. Kati ya mwaka 1754 na 1763 Uingereza ilipigana na Ufaransa katika Amerika ya Kaskazini. Uingereza ilishinda, lakini deni lake lilikaribia kuwa mara mbili. Watawala wa London wakasema: vita hivi viliwalinda walowezi, basi na walowezi wachangie. Mwaka 1765 wakaweka kodi ya stempu kwenye karatasi za mahakama, magazeti na hati za biashara. Walowezi wakajibu: katika bunge la London hatuna mjumbe hata mmoja, mnatutozaje bila kutuuliza? Kodi ile ilifutwa mwaka 1766, lakini nyingine zikafuata. Mwaka 1775 wakaanza kupigana, na mwaka 1776 walowezi wakatangaza uhuru wao.

Hapa kuna mambo mawili ya kukumbuka. Kwanza, kila upande ulikuwa na sababu yake. Pili, wenyeji wa asili, ambao ardhi ilikuwa yao, hawakuulizwa na London wala na walowezi. Tutaona jambo kama hilo hapa Katanga.

Ubelgiji inaanguka, Kongo inalipa

Tarehe 28 Mei 1940 jeshi la Ubelgiji lilijisalimisha kwa Ujerumani. Serikali yake ikahamia London. Kongo, chini ya Gavana Mkuu Pierre Ryckmans, ilibaki upande wa Uingereza na wenzake. Tangu hapo koloni likawa ghala la vita. Fedha za Kongo zilisaidia kuendesha serikali ya Ubelgiji iliyokuwa uhamishoni. Askari wa Force Publique walipelekwa Ethiopia kupigana na Waitalia, ambao walijisalimisha kwao Saio mwezi Julai 1941. Shaba na bati vilitakiwa kwa wingi. Urani ya Shinkolobwe, karibu na Likasi, ilipelekwa Marekani na kutumika katika kazi ya kutengeneza bomu la atomu.

Vijijini mzigo uliongezeka. Kazi za lazima, ambazo zilikuwa siku 60 kwa mwaka, zilipandishwa mwaka 1942 hadi siku 120. Watu walirudishwa porini kutafuta mpira, kama enzi za mfalme Leopold II. Mtu aliyefanya kazi ya Bula Matari siku 120 alikuwa na siku ngapi za kulima shamba lake? Wengi walikimbilia mijini. Nao walikuwa wahamaji, kama nyinyi, ingawa hakuna aliyewaita hivyo.

Wazungu wanagombana na wakubwa wao

Wazungu wa Katanga walikuwa na manung'uniko ya zamani. Mwanzoni mkoa huu ulikuwa na utawala wake wenye uhuru mkubwa. Mwaka 1933 mamlaka yalivutwa kwenda Léopoldville, na walowezi hawakupenda. Walisema utajiri unatoka Katanga, amri zinatoka mbali, na wao hawapigi kura. Ni kweli: katika Kongo ya Wabelgiji hata mzungu hakuwa na kura ya kuchagua serikali.

Vita vikazidisha hasira hiyo. Bei za vitu zilipanda, mishahara ikabaki nyuma. Kazi ikawa nyingi, na njia ya kwenda Ulaya kupumzika ilifungwa. Mwezi Oktoba 1941 wafanyakazi wazungu wa Union Minière waligoma. Kampuni na serikali zilihitaji shaba isisimame. Basi walikaa nao, wakazungumza, na wazungu wakapata nyongeza.

Desemba 1941

Wafanyakazi weusi waliyaona hayo yote. Wao ndio waliokuwa wengi migodini na viwandani, na bei zilizopanda ziliwaumiza kuliko mtu yeyote. Wakasema: kama mzungu ameomba akasikilizwa, na sisi tuombe. Siku za kwanza za Desemba 1941 mgomo ulianza Jadotville, yaani Likasi, ukafika Elisabethville. Walitoka makabila na mikoa mbalimbali, Katanga, Kasai na kwingineko, lakini dai lilikuwa moja: mshahara unaotosha kula.

Wao hawakuitwa mezani. Tarehe 9 Desemba 1941 umati ulikusanyika katika kiwanja cha mpira cha wafanyakazi hapa mjini. Gavana wa mkoa, Amour Maron, alifika na askari. Karani Léonard Mpoyi, aliyesema kwa niaba ya wenzake, aliuawa. Kisha askari wakafyatulia umati risasi. Makumi ya watu walikufa, na hesabu yao inabishaniwa hadi leo.

Tulinganishe, ndugu wasomaji. Dai lilikuwa la namna moja, kampuni ilikuwa moja, na muda kati ya migomo hiyo ulikuwa kama miezi miwili tu. Kundi moja lilipewa kiti, kundi jingine risasi. Watu wanaweza kuvumilia njaa kwa muda mrefu wakijua kwamba kila mmoja anafunga mkanda. Kusahau dharau namna hii ni vigumu zaidi.

Kimya hakikuleta amani. Mwezi Februari 1944 askari wa Force Publique waliasi Luluabourg, ambayo leo ni Kananga. Mwaka huo huo waumini wa Kitawala waliasi upande wa Masisi na Lubutu. Baada ya vita serikali ilianza kulegeza kidogo. Mwaka 1946 Waafrika waliruhusiwa kuwa na vyama vya wafanyakazi, chini ya uangalizi mkali.

Manung'uniko ya walowezi yalikwenda wapi?

Mwaka 1944 walowezi wa Katanga waliunda umoja wao, UCOL-Katanga. Walitaka wazungu zaidi waje kukaa, na Katanga ijiamulie mambo yake bila Léopoldville wala Brussels. Kwa miaka mingi ulikuwa ugomvi wa wazungu na wazungu.

Lakini mwaka 1957 uchaguzi wa komini ulifanyika Elisabethville, na wengi walioshinda walitoka nje ya Katanga, hasa Kasai. Mwaka 1958 chama cha Conakat kikazaliwa, kikidai haki za wenyeji wa Katanga. Mwaka 1959 Union Katangaise, chama cha walowezi, kilijiunga nacho. Hasira ya mlowezi juu ya Brussels na hofu ya mwenyeji juu ya jirani yake wa Kasai vikakaa katika nyumba moja. Tarehe 11 Julai 1960 Moïse Tshombe alitangaza Katanga kuwa nchi ya peke yake. Hali hiyo ilidumu hadi Januari 1963.

Nani aliumia? Mwaka 1961 makumi ya maelfu ya Waluba walikimbia nyumba zao mjini humu na kulala katika kambi chini ya ulinzi wa Umoja wa Mataifa. Kaskazini mwa Katanga vijiji vilichomwa. Na mwaka 1992 na 1993 watu wa Kasai walifukuzwa tena, wakisubiri treni kwa wiki nyingi kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi. Watoto wa wale waliogoma pamoja mwaka 1941 walifundishwa kuogopana.

Hatusemi kwamba vita vya 1940 peke yake vilileta hayo yote. Tunasema kwamba mzigo uliogawanywa vibaya, bila maelezo na bila kusikilizana, huacha kidonda. Na kidonda kisichotibiwa, mtu mwingine atakuja kukitumia kwa faida yake.

Tunajifunza nini?

Kwa viongozi: unapoomba mchango, eleza ni wa nini, ni kiasi gani, na utaisha lini. Kazi za siku 120 zilichukiwa pia kwa sababu aliyezifanya hakuwa na mahali pa kuuliza. Ukiwasikiliza wenyeji kuhusu jambo fulani, wasikilize na waliohamia kuhusu jambo lile lile, kwa meza ile ile. Anayeleta malalamiko mbele za watu bila silaha si adui. Ukimnyamazisha, atakayekuja baada yake huenda asije na maneno.

Kwa familia: mkiona mzigo haugawanywi sawa, semeni mapema, semeni pamoja, na chagueni wasemaji kutoka pande zote. Na mtu akiwaambia kwamba shida yenu imeletwa na jirani wa kabila fulani, ulizeni kwanza: nani aliyeamua, na nani anayefaidika tukigombana?

Maswali ya kuzungumza pamoja

1. Katika mtaa wetu, ni mzigo gani unabebwa na wachache kuliko inavyofaa?
2. Je, wenyeji na waliohama wanaketi pamoja linapoamuliwa jambo la maji, shule au ardhi? Kama hapana, nani anaweza kuwaita?
3. Wazee wanakumbuka nini kuhusu mgomo wa 1941, au miaka ya 1960 na 1992? Vijana wameyasikia kwa nani, na kwa maneno gani?

Someni maswali haya pamoja, wenyeji na wageni, wanaume na wanawake, wazee na vijana. Wahenga walisema: mficha uchi hazai. Tukitaka amani izaliwe, tusifiche yanayotuuma.