Nukta Ilipopotea Kwenye Fulana

Siku mbili kabla ya sherehe ya watoto wa madrasa moja hapa Mombasa, mwalimu wao aliniita nizitazame fulana zilizokwisha pigwa chapa. Zilikuwa nyeupe, za mikono mirefu, na vifuani mna maandishi ya kijani. Kubwa zilisomeka sawa. Nilipofika kwenye za watoto wadogo nikasita. Neno "banati", yaani wasichana, lilikuwa limegeuka "nabati", yaani mimea. Nukta ya chini imepanda juu, na ya juu imeshuka chini! Mwalimu alicheka. Wazazi waliokwisha kutoa pesa zao hawakucheka.

Fundi hakuwa mvivu. Alikosea kipimo. Kazi hii hufanywa kwa vinili, utando mwembamba wa plastiki wenye gundi inayoyeyuka kwa joto. Mashine huyakata maandishi yakiwa yamegeuzwa kama yaonekanavyo kiooni, fundi akabandua vipande visivyotakiwa, kisha akayakandamiza nguoni kwa moto. Kwa nguo ya pamba, aghalabu ni nyuzi 150 hadi 160 kwa sekunde 10 hadi 15. Yakishashika, ni shida kuyatoa bila ya kuacha alama.

Basi fundi wetu alipanga maandishi ya upana wa sentimita 28, yanayofaa kifua cha mtu mzima, halafu akayafinya hadi 12 kwa ajili ya wadogo. Maneno yote yaliingia, lakini nukta zikawa kama mbegu za ufuta. Katika kubandua zikatoka pamoja na takataka, naye, kwa kuwa hasomi Kiarabu, akazirudisha kwa kukisia. Na nukta ndogo namna hiyo, hata zikikaa mahali pake, hazina gundi ya kutosha kushindana na maji ya kufulia.

Dawa yake ni nyepesi: nguo ikipungua, punguza maneno, usipunguze herufi. Mkubwa na avae jina zima la madrasa. Mdogo neno moja lamtosha.

Mahali pa kubandika napo pana hesabu yake. Ikunje fulana katikati, bega juu ya bega, uipige pasi ipate mstari wa kupangia. Usiutegemee mshono wa ubavuni, maana fulana nyingi hupindika. Kutoka kwenye ukosi shuka vidole vinne. Kwa mtoto viwili au vitatu. Acha nafasi kabla ya kufika kwapani, kwani nguo iliyolazwa mezani ni bapa, bali kifua ni mviringo, na herufi za pembeni hujificha chini ya mikono. Alama ndogo ya upande wa moyo isipite sentimita 10. Kisha kata karatasi kwa kipimo hicho hicho, mvishe mtoto mmoja fulana, ubandike karatasi hiyo kwa pini, umtazame akiwa amesimama.

Mama zetu wanaijua elimu hii. Jina la leso huandikwa katikati, karibu na pindo la chini, ili ivaliwapo lisomwe na ajaye nyuma. Aliyelipanga alimfikiria mvaaji.

Nasi Waislamu tuna kipimo kimoja zaidi. Walimu wetu wa chuoni walituonya tusiyaweke majina ya Mwenyezi Mungu wala aya za Kurani mahali zitakapokaliwa, au juu ya nguo itakayoingia msalani. Kwa fulana ya mtoto, jina la madrasa linatosha.

Fulana nyingine zilinunuliwa usiku ule ule, na wadogo wakabandikiwa neno moja, nukta zake kubwa kama mbegu za papai. Tangu hapo mwalimu hapeleki kazi kwa fundi mpaka apate mtu asomaye Kiarabu wa kusimama naye, kabla pasi haijapata moto.