Kombora Linalowinda Rada (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulieleza jinsi rada inavyorusha mawimbi na kungoja mwangwi wake. Udhaifu wake uko hapo hapo. Mwangwi huenda na kurudi, ukafika umefifia mno. Lakini mawimbi yenyewe humfikia rubani yangali na nguvu. Ndiyo maana ndege huisikia rada kabla rada haijaiona ndege. Mvuvi wa Ngomeni mwenye karabai huona maji ya karibu tu, ilhali waliokaa ufukweni wanamwona yeye toka mbali. Kombora la kupiga rada halimuliki kitu: hufuata mawimbi ya anayemulika mpaka kwenye ungo wake.

Msomaji wa Mariakani anayekumbuka makombora mawili yaliyorushiwa ndege ya Arkia ikitoka Mombasa, tarehe 28 Novemba 2002, asiyachanganye na haya. Yale yalirushwa toka begani, yakitafuta joto la injini, na yalikosa. Rubani hawezi kuzima injini angani. Mwenye rada anaweza kuizima, na hapo ndipo wapinzani wa silaha hii wanapopata hoja. Kombora la Shrike la Marekani, lililotumika Vietnam, lilipoteza njia rada ikizimwa. Mwaka 1999 NATO ilirusha mamia ya makombora ya HARM huko Yugoslavia, na mitambo mingi ya Waserbia ikasalimika. Kombora moja lilivuka mpaka likaangukia nyumba pembezoni mwa Sofia, Bulgaria, nchi isiyokuwa vitani. Hoja ina uzito, ila inahesabu vyuma vilivyovunjika na kusahau muda. Rada iliyozimwa haiongozi kombora lolote, na dakika hizo ndizo ndege inazohitaji kupita. Waingereza walilielewa hilo: kombora lao la ALARM lilipaa juu, na rada iliponyamaza lilifungua mwavuli, likaning'inia likingoja iwashwe tena.

Hata hivyo, ni Waserbia hao hao walioidungua ndege ya F-117 tarehe 27 Machi 1999, kwa kuwasha rada sekunde chache, kuzima, kisha kuhama. Linganisha na Ouadi Doum, kaskazini mwa Chad, Januari 1987: rada ya Walibya ilikuwa kwenye kambi iliyojulikana, na ndege za Jaguar za Ufaransa zikaipiga kwa kombora la kupiga rada la Martel. Kwa maoni yangu, pesa za ulinzi wa anga zitangulie kwenye rada zinazobebwa na malori na wahudumu waliozoea kuhama usiku. Mnara mrefu usiohama uje baadaye.

Juma lijalo tutaitazama helikopta, na Sidearm, kombora lililoundwa kutokana na Sidewinder kuukuu.