Maji Moto Mikarafuuni: Wapunguzwe, Wasimalizwe

Ndugu Wanachama,

Kila msimu unapokaribia twaulizwa neno moja: tuwafanyeje maji moto? Wachumaji hulalamika, nao wana haki. Mchumaji aumwaye shingoni hushuka mbio. Huvunja matawi, na vichala anavyoviacha kileleni hufunua maua, na karafuu iliyokwisha funua haina bei. Basi wengi hutaka kuwamaliza kwa moto au sumu. Twaona yafaa kuwajua kwanza.

Maji moto hushona majani kwa uzi utokao kwa mabuu yao. Jamii moja huwa na viota vingi, pengine katika miti kadhaa, lakini malkia wao ni mmoja. Kwa hiyo ukikata kiota kimoja, hupungua kwa muda tu, kisha hushona kingine.

Mikarafuuni wana hasara ya pili. Huwachunga wadudu wa magamba wanaofyonza utomvu wa matawi, wapate kunywa maji matamu wayatoayo. Maji hayo yakizidi, majani huota ukungu mweusi.

Faida yao imo katika minazi. Yuko mdudu afyonzaye maua na vidaka. Vidaka huanguka kabla ya wakati, au nazi hukua na makovu. Mapema katika miaka ya 1950 Bwana M. J. Way aliwachunguza wadudu hawa hapa Unguja, na mwaka 1955 mdudu huyo alipewa jina la *Pseudotheraptus wayi*. Mnazi uliojaa maji moto humfukuza. Wakitoweka, huenea sisimizi wadogo wa kahawia wakaao ardhini, wenye askari wa vichwa vikubwa, nao hawaulindi mnazi.

Shauri letu ni hili:

1. Kabla ya msimu, kateni vijitawi vinavyounganisha mkarafuu na mnazi. Hiyo ndiyo njia yao kubwa.

2. Siku chache kabla ya kuchuma, kateni viota vya mkarafuuni alfajiri, kungali baridi. Vitieni guniani, mfunge mdomo, mvipeleke kwenye mnazi wa jamii ile ile. Kujua, mtoeni mmoja mumtie katika mnazi huo: akishambuliwa, ni wageni, na mkiwachanganya watauana.

3. Mchumaji ajipake majivu makavu mikononi.

4. Msinyunyize sumu. Humwua mlinzi pamoja na msumbufu.

5. Msimu ukiisha, acheni vijitawi viote na kugusana tena, maana maji moto wenye miti mingi ya kukaa hustawi zaidi.

Ambaye shamba lake ni mikarafuu mitupu aweza kuwapunguza zaidi. Lakini mwenye minazi ndani yake akumbuke kuwa karafuu humpa fedha kwa msimu, na nazi humlisha mwaka mzima. Asiuze hiki kwa kile.

Mwenyezi Mungu atujaalie msimu wa kheri.

Katibu